Chai Iliyoingia Moshi

Duka lile zamani lilikuwa la makaa. Nalisema hili mapema nisije nikaambiwa ninaonea wivu maendeleo ya watu. Tulipokuwa watoto, mama alikuwa akitutuma pale na debe, mimi na mdogo wangu, tukarudi nyumbani mtaa wa Kuze tumechafuka hadi kope. Leo mlango umepakwa rangi ya samawati, juu yake pana kibao kilichoandikwa kwa mwandiko wa madaha, na ndani hewa ni baridi ya mashine. Wanauza zawadi. Kuna vijilango vya kuchonga vya kubandika kwenye friji, kuna shanga, kuna mifuko iliyoshonwa kwa leso zilizokatwa katikati ya jina, ili mgeni arudi kwao na nusu ya maneno asiyoyajua. Na pembeni, kwenye rafu za kioo zinazowashwa taa mchana kweupe, kuna chai.

Mimi nisingeingia mle kwa hiari yangu. Sijamwona bado mtu wa Mji wa Kale anayenunua zawadi ya kuukumbuka Mji wa Kale. Nilivutwa mkono na mdogo wangu, ambaye nampenda, na ambaye Mola alimpa kila kitu isipokuwa uwezo wa kupita mbele ya kitu ghali na kuendelea na safari yake.

Siku hizo alikuwa na sababu. Binti yake alikuwa amepata mchumba. Niseme binti yetu, maana mimi sikujaaliwa mtoto, na huyu mamake alipokuwa kazini ni mimi niliyekuwa nikimsuka, kumlisha na kumpeleka madrasa. Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi ya hesabu katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, ana adabu, na wakati huo alikuwa amefika umri ule ambao majirani huacha kuuliza harusi lini na kuanza kukuombea dua bila ya kuombwa. Kijana alikuwa mtu wa Bondeni, wa ukoo wenye duka la leso Biashara Street. Walikuwa wamependana kwa stara, mambo yao mengi yakipitia kwenye simu, na mtoto alikuwa anamtaka kwelikweli. Aliniambia mwenyewe jikoni kwangu, huku akijifanya anachagua mchele uliokwisha kuchaguliwa.

Kwetu, kabla wanaume hawajaja kuposa na maneno yao marefu, wanawake huja kwanza. Hawasemi wamekuja kuangalia. Wamekuja kusalimia tu. Lakini wanaangalia mapazia, wanaangalia visigino vya msichana, na msichana ndiye anayeleta chai, na chai hiyo ndiyo mtihani wenyewe. Ikiwa nyepesi, nyumba ni ya ubahili. Iliki ikizidi, nyumba ni ya kujionyesha. Na ikiwa imeingia moshi, basi hapana la kusema tena, maana chai ya moshi ni ya mwanamke aliyeacha sufuria wazi juu ya kuni akaenda dirishani kupiga soga. Mama yetu, Mola amrehemu, aliwahi kumwaga sufuria nzima ya maziwa siku ya maulidi kwa ajili ya harufu hiyo, na sisi watoto tukalala na chai kavu. Haikuwa nyumba iliyokuwa na maziwa ya kumwaga.

Basi mdogo wangu akaamua kwamba chai ya kila siku haitoshi. Huyo mamake kijana, alisema, ni mtu aliyetembea, huenda Dubai kuchukua mali, hawezi kupewa majani ya pakiti ya kioski. Nikamwambia mtu aliyefika Dubai bado hunywa chai kwa mdomo. Hakucheka. Alikuwa pia na mafua, yale mafua ya upepo wa kusi yanayokuja na kupanga chumba, pua imeziba pande zote mbili na kila neno linatokea kooni. Myakumbuke mafua haya.

Mwenye duka alitupokea mlangoni. Ni kijana, mtoto wa mji, babu yake ndiye aliyekuwa akitupimia makaa mle mle, lakini yeye amesoma ng'ambo na amerudi na ndevu zilizochongwa kama kwa rula na Kiswahili kinachopitia kwanza kwengine kabla ya kufika mdomoni. Alitukalisha juu ya vigoda na kutuambia kwamba hatukuja kununua, tumekuja safarini. Nikatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa ndara za nyumbani, na nyumba yenyewe iko nyuma ya msikiti wa pili.

Akaanza kufungua makopo. Palikuwa na chai ya asumini. Asumini sisi huzitia nyweleni na juu ya kitanda cha bi harusi, na huko zinafanya kazi inayojulikana. Kuzikuta ndani ya kikombe, mbele ya mtoto wa watu, kulinitia haya. Palikuwa na chai ya waridi iliyonukia marashi ya kunyunyizia watu msikitini, nikatamani kujipaka shingoni. Palikuwa na chai ya mabuyu, na chai ya embe na pilipili, yaani vile vile tulivyokuwa tukila nje ya lango la skuli na kuchapwa kwa kuchafua sare, sasa vimekaushwa na kupewa heshima. Na palikuwa na pakiti yenye picha ya mwanamke wa buibui, kichwa ameinamisha, iliyoandikwa kwa Kizungu kwamba ni chai ya bibi wa Kiswahili. Niliomba ninuse. Iliki, tangawizi, mdalasini, pilipili manga. Ni masala yale yale ninayotwanga mwenyewe, isipokuwa mimi siyaiti siri. Nikamuuliza kijana bibi huyo ni nani, na kama anapata chochote katika mauzo. Akasema ni dhana.

Kila chai aliimimina ndani ya birika la kioo, akageuza kichupa cha mchanga cha kupimia muda, tukakaa kimya kama watu wanaosubiri majibu ya damu, kisha akatupa tone moja moja katika vikombe vya kahawa. Akatutaka tuseme tunasikia nini ulimini. Mdogo wangu, ambaye hakuwa anasikia kitu chochote tangu wiki iliyopita, alisema anasikia maua. Hata ilipokuwa ya pilipili alisema maua. Kisha akauliza sukari iko wapi, na kijana akatabasamu kwa huzuni, akaeleza kwamba sukari inaua ladha. Mdogo wangu, mtu anayetia sukari hadi kijiko kikakwama, akatikisa kichwa kana kwamba hata yeye jambo hilo limekuwa likimsumbua.

Mwisho kijana akateremsha kopo jeusi lenye maandishi ya dhahabu. Alilishika kwa mikono miwili. Hii, alisema, yatoka China, majani yake hukaushwa juu ya moshi wa msonobari, na si ya kila mtu. Akafunua. Wallahi, chumba kile kilirudi kilivyokuwa. Nilisikia makaa, nikasikia magunia, na nyuma yake nikasikia jiko la kuni wakati wa mvua, kuni mbichi zinavyolia. Nilicheka peke yangu. Babu alituuzia makaa kwa debe, na mjukuu amegundua kwamba faida ilikuwa kwenye moshi.

Mdogo wangu akatumbukiza pua ndani ya kopo, akavuta pumzi yenye mlio, asipate kitu. Lakini maneno "si ya kila mtu" aliyapata vizuri, na bei aliipata. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, mbele ya mwenye duka, kwamba chai hii inanuka moshi. Akanijibu kwa koo lake lile kwamba mimi tangu utotoni sijui vitu vizuri. Nilisema mara moja, sikurudia. Mimi si mwadhini. Na kijana, alipokuwa akifunga kopo kwa karatasi na utepe, akasema neno lake pekee la maana siku ile nzima: isitiwe maziwa, isitiwe sukari. Mdogo wangu aliitikia ndiyo, ndiyo, na mkono ulikuwa umeshashika kopo.

Wageni walikuja Jumamosi baada ya Alasiri. Mimi nilitangulia kidogo, na harufu ikanipokea ngazini. Mdogo wangu alikuwa amepika chai mwenyewe, binti akaachiwa kazi ya kumimina tu. Na kwa kuwa wakwe hawawezi kuletewa strungi isiyo na maziwa kama walinzi wa zamu, alikuwa ameipika kwa maziwa, maziwa mazito, na iliki, na sukari ya harusi nzima. Yaani alichukua chai ya China akaitaabikia, akaitolea gharama, mpaka ikawa kitu kile kile mama yetu alichokimwaga.

Niseme hapa kwamba jiko la mdogo wangu ni la gesi. Ni kubwa, lina sehemu nne za kupikia na tanuri chini yake, hufunikwa kitambaa cha kufuma, na tangu linunuliwe halijatoa moshi hata wa kufukuzia mbu. Mbele ya jiko hilo nilimkuta binti amesimama, sinia mkononi, ananitazama. Alininong'oneza kwamba amemwambia mamake, na mamake amejibu kwamba wenye kujua watajua. Nilitaka kupika nyingine. Lakini maziwa yalikuwa yameshakwisha yote mle sufuriani, na wageni walikuwa wameshavua viatu.

Alikuja mamake kijana wa Bondeni pamoja na dada yake. Mamake ni mtu mzito, mpole, mwenye sauti ya chini, na macho yaliyokwisha kupima mapazia kabla hajakaa. Tukasalimiana salamu zetu zote, masalkheri, habari za nyumbani, za wazee, za wagonjwa, za waliosafiri, mpaka zikaisha. Binti akaingia. Sinia lilitulia mikononi mwake, macho yake chini, akamimina bila kumwaga hata tone. Ikasemwa mashallah, na ikasemwa kwa dhati, nilisikia. Kisha wakanywa.

Sijawahi kuona wanawake wakimeza kwa adabu kama wale. Mamake kijana alimeza, akarudisha kikombe juu ya kisahani polepole, mkono ukabaki juu yake kama anakifunika. Dada yake alishika sambusa na hakuiachia tena. Pakawa kimya. Binti alikuwa bado amesimama na birika, na neno moja tu lingetosha. Angesema hii ni chai ya dukani, ndivyo inavyonuka, na lawama ingemwangukia mamake aliyetoa pesa kununua harufu. Hakusema. Aliinamisha kichwa zaidi, na mimi niliyekuwa nikimsuka nilijua kwa shingo yake tu kwamba amejizuia kulia. Iliniuma, na bado inaniuma.

Hapo mamake kijana, kwa kuwa hawezi kumwambia mtu nyumbani kwake kwamba chai yake haifai, akatafuta njia ya kumpa mwenyeji wake udhuru. Akainua macho kwenye boriti za dari.

"Nyumba hizi za kale, dada yangu," akasema kwa upole, "hazina pa kutokea moshi."

Mdogo wangu, masikio nayo yameziba kwa mafua, alisikia nyumba za kale. Akaona anasifiwa boriti. Akajinyoosha kitini.

"Ndivyo, dada. Nasi hatukubadili kitu. Twapika vile vile walivyopika wazee wetu."

Wageni wakatazamana. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akausogeza, akidhani sina nafasi. Akaendelea. Aliwaambia kwamba chai ile yataka kuzoewa, kwamba si nyumba nyingi zitakazompa mgeni chai kama ile. Yule dada akasema, kwa adabu zote, kwamba yaonekana. Hawakukaa sana. Waliaga kwa dua nyingi, zaidi ya zinazotolewa kwa watu wenye afya, na vikombe vikabaki juu ya meza vikiwa karibu kujaa. Mdogo wangu akafunga mlango na kuniegemea bega. Akaniuliza kama nimeona walivyonyamaza. Hawajapata kunywa kitu kama kile maishani mwao, alisema, na katika hilo hakukosea.

Neno la wanaume likitaka kuja huja upesi. Halikuja. Nikajipa haja ya leso na kwenda Biashara Street, kwenye duka lao, na yule dada wa mamake kijana ndiye aliyenihudumia. Alinitolea leso moja baada ya nyingine, akanipunguzia bei bila ya kumwomba, akaniletea maji baridi. Nilihudumiwa kama mtu aliyefiwa. Nilipouliza za nyumbani, alikunja leso mikunjo ambayo haikuhitajika.

"Mtoto hana ila," alisema. Kisha akarudia, "Mtoto."

Binti alikuwa akipitia kwangu jioni akitoka kazini. Alikuwa haangalii simu mbele yangu tena. Siku moja akaniambia kwamba kijana ameulizwa na mamake kama ana hakika, na kwamba yeye kijana amesema anayo, lakini nyumba nzima kwao imekuwa ikizungumza kwa sauti ya chini. Nikainuka pale pale, nikatwaa buibui. Nilikuwa nimeshayapanga maneno yote ya kwenda kuwaeleza Bondeni, na baadhi yake hayakuwa ya kistaarabu. Akanishika mkono.

"Ukenda, Mama Mkubwa, utamuaibisha mama. Bora waone ni mimi sijui kupika."

Nikavua buibui.

Lakini hasira ikishavaa buibui haivuliwi nalo, na kesho yake niliipeleka dukani kwa yule kijana wa makopo. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, akakunja uso, akauliza, "Mlitia maziwa?" kwa sauti ya mtu anayeuliza kama tulimnywesha mtoto mchanga mafuta ya taa. Nikamwambia kwamba mji huu umekuwa ukitia maziwa kwenye chai kabla babu yake hajapata mizani. Akasema ananielewa, na kwamba hisia zangu ni halali. Sijui ng'ambo wanafundishwa nini. Nilipokuwa nikitoka alinitilia mkononi kijipakiti cha bure, chai ya maua ya kutuliza nafsi. Niliinywa yote usiku ule na sikutulia.

Kisha mdogo wangu akapona mafua. Nilikuwa nakaanga samaki aliponipigia simu, na mara hii sauti ilikuwa yake, safi, inatokea puani kama ya watu wengine. Aliniambia nyumbani kwake kuna kitu kinaungua na hakioni. Ametazama jikoni, ametazama nyaya za umeme, amebisha hodi kwa jirani. Nikamuuliza kama kopo jeusi liko wazi. Nikasikia kifuniko kikirudi mahali pake. Halafu akaniuliza, kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa, kwa nini sikumwambia. Nikakata simu ili tubakie ndugu.

Alipokuja kwangu baadaye alikuwa amelia. Na hapo, niseme ukweli, nilimhurumia, maana mapazia yake na makopo yake yote alikuwa amemfanyia mtoto, ingawa kwa akili yake ile. Tukakaa kutafuta namna ya kueleza. Tungesema nini? Kwamba tulikwenda kununua chai ghali ili mjione mko chini yetu, na kwamba ule moshi ni wa makusudi, umetoka China, na una kopo la dhahabu? Nani angeamini? Na akiamini, ndiyo mbaya zaidi. Tulilijaribu kila neno, na kila neno lilikuwa na aibu kuliko moshi wenyewe. Tukanyamaza, naye akaanza kufunga kuomba mtoto asivunjiwe.

Walikuja Ijumaa. Hatukuwa tumepewa habari ila asubuhi ile ile, kwamba wazee wa Bondeni watapita baada ya Alasiri. Mumewe mdogo wangu, mtu mpole aliyestaafu bandarini, akavaa kanzu yake ya Idi. Sisi wanawake tukajipanga dirishani nyuma ya pazia. Wazee wakaingia mtaani kwa kanzu na makoti, wanatembea taratibu, na moyo wangu ukafunguka, maana watu hawavai makoti kwenye jua lile kuja kukataa. Nyuma yao ulikuja mkokoteni. Ulikuwa umefunikwa leso mpya, na kwa kuwa vichochoro vyetu ni vyembamba ulipita polepole sana, ukikwaruza kuta, mpaka kila aliyekuwa barazani akainua miguu kuupisha na kupata wakati wa kutosha wa kutazama. Mbele ya mlango wetu leso ikaondolewa. Lilikuwa jiko la gesi.

Lilikuwa dogo, la sehemu mbili za kupikia, limefungwa utepe, na mtungi wake pembeni umejazwa. Wazee wakapanda, wakakaa, wakasema maneno ya posa kwa ufasaha, tukasikia jina la mtoto likitajwa na kuombwa. Kisha mzee wao akasafisha koo. Alisema mamake kijana amempenda mtoto kwa adabu yake, hakuna adabu kama ile, na kwamba ametanguliza kitu kidogo kwa nyumba, mtoto asipate taabu ya moshi katika siku hizi zilizobaki, na mamake naye apumzishe macho yake. Alisema hivyo kwa sauti ya kutangaza, na madirisha yote ya mtaa yalikuwa wazi.

Shemeji yangu, ambaye analijua vizuri jiko lake, alifungua mdomo. Akageuka, akamwona mkewe katika upenyo wa pazia. Akaufunga. Akasema alhamdulillahi, wametuwahi wakati mzuri.

Nyuma ya pazia binti alikuwa ameuma ncha ya leso, machozi yanamtiririka, na mabega yanamtikisika, nisijue kama ni kilio au kicheko, nadhani vyote. Amekubaliwa. Nilimkumbatia hadi akalalamika. Majirani walikuwa wanangoja, basi mdogo wangu alilazimika kupiga vigelegele kama mama yeyote. Alipiga. Nimesikia vigelegele vingi, lakini hicho kilikatika katikati na ikabidi mimi nikimalizie.

Na kwa kuwa tangu siku hiyo wakwe walikuwa wakiingia na kutoka, na mkwe akiingia hufika jikoni, lile jiko kubwa halikuweza kuonekana tena. Lililetwa kwangu na kitambaa chake. Ndilo ninalopikia mpaka leo, na tanuri yake ni nzuri sana kwa mkate wa sinia. Mdogo wangu anapikia lile la sadaka. Mgeni akija husifu, na yeye hulazimika kusema limetoka Bondeni. Kopo jeusi ametia vifungo vya nguo, lakini vifungo navyo vimeshika harufu, na shati lolote analolitia kifungo, shemeji yangu hulivaa akinuka kama mtu aliyetoka kuchoma mahindi.

Harusi ilipita, ilikuwa nzuri. Baada ya muda nikaenda Bondeni kumtazama mtoto kwake. Amenawiri, amenenepa mashavu, mumewe akipita chumbani anamtafuta kwa macho. Mavyaa wake, yule mamake kijana, alinikalisha pazuri na kusisitiza anipikie chai kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuja. Mola anisamehe, yalikuwa maji ya moto yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Mtihani ule ungekuwa wangu, nyumba nzima ingeanguka. Akakaa karibu yangu, akaweka mkono juu ya goti langu, akamtazama mtoto kwa mapenzi ya kweli.

"Mwaona, dada? Mtoto amepona na moshi. Hata rangi imemrudi."

Nyuma yake binti alikuwa amesimama na sinia, ananitazama vile vile alivyonitazama siku ile jikoni kwa mamake. Wanaonijua wanajua ulimi wangu. Nilikuwa nao pale pale, una jiko la sehemu nne, una tanuri, una China, una Dubai, una hata habari ya maji haya kikombeni. Nikamtazama mtoto. Nikaumeza wote.

"Mola akulipe, dada yangu," nikasema. "Sisi tulikuwa tumeshauzoea."

Akanibana mkono kwa huruma, akanijazia kikombe cha pili, nami nikakinywa chote.